Kisiki hai: rudisha miti shambani kabla ya kununua miche

Msitu ukifyekwa kupisha shamba, hasara haionekani mwaka wa kwanza. Mtama na mahindi hustawi kwa mboji iliyojikusanya chini ya miti kwa miaka mingi. Baada ya misimu michache mboji huisha, na mvua za kwanza hupiga udongo mtupu. Matone huziba vitundu vya udongo, uso unakuwa mgumu, maji yanakimbilia korongoni na udongo mzuri. Visima hukauka mapema. Kuni zinafuatwa mbali, na pale zinapokosekana kabisa, samadi iliyokuwa ya shamba inaishia mafigani.

Shinyanga ilifika huko. Vichaka vilifyekwa kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga kwa ajili ya kiangazi, zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi humo haikupandwa na mtu: ilichipua yenyewe kutoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini, baada ya mifugo kuzuiwa.

Kwa hiyo, tembea kwanza shambani mwako ukitafuta visiki hai, yaani vinavyochipua tena baada ya mti kukatwa. Mche mchanga mara nyingi hufa kwa kiu kiangazi cha kwanza usipomwagiliwa. Kisiki cha mgunga, mkwaju au mlama kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu.

Fanya kazi hii baada ya mavuno, kabla ya mvua. Chagua visiki 16 hadi 20 kwa eka, umbali wa mita 14 hadi 16 kati ya kimoja na kingine, ili jembe la maksai lipite na mazao yasikose jua. Ukipata kisiki cha mkababu (Faidherbia albida), kiwe miongoni mwa utakavyochagua: mti huu hupukutisha majani wakati wa masika, hivyo haufuniki mazao, na majani yake hurutubisha udongo.

Kwenye kila kisiki bakiza machipukizi matatu hadi matano, yaliyonyooka na manene kuliko mengine, yaliyoshika vizuri kwenye kisiki. Mengine yote yaondoe. Kisha pogoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wa chipukizi, usizidishe. Aliyepogoa hadi kileleni hupata fimbo ndefu nyembamba, na upepo wa kwanza unaivunja. Wengine hubakiza chipukizi moja tu. Mbuzi akilipitia, kazi yote imekwenda.

Panga liwe kali. Kata kwa kupandisha, kutoka chini kwenda juu, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Ukikata kwa kushusha, gamba huchanika hadi kwenye shina, na mchwa na kuvu huingilia hapo. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, na huua machipukizi yaliyochaguliwa vizuri kabisa.

Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye kila kisiki ulichokitunza. Mpalilizi, mchungaji na mwenye maksai wajue kwamba hicho si kichaka cha kufyeka. Matawi uliyoyakata yalaze kwenye vijikorongo yapunguze kasi ya maji; mazito ni kuni.

Rudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kisiki kitatoa machipukizi mapya, uyaondoe. Baada ya hapo mara mbili kwa mwaka inatosha. Shina moja likifikia unene wa nguzo, livune na uache chipukizi jipya lichukue nafasi yake. Usiyakate yote kwa mpigo ili kuchoma mkaa: katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na shamba linarudi kuwa tupu.

Kinachoshinda wengi ni moto na mifugo ya kiangazi. Mkulima mmoja hawezi kulinda peke yake shamba lisilo na uzio. Pelekeni suala hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema, kabla mashamba hayajafunguliwa kwa malisho, mpitishe sheria ndogo inayotaja njia za kupitisha ng'ombe, tarehe za kuchunga kwenye mabua, na faini ya anayechoma moto ovyo. Wafugaji wawepo siku hiyo, maana wao pia wanahitaji maganda ya mgunga mifugo ikikosa nyasi.