Namna ya kutoa avi (maoni ya kusaidia wasafiri bengine) juu ya kambi za karavani, ukitoka Lushi (Lubumbashi) kwenda Zambia

Ukivuka mupaka wa Kasumbalesa na motoka ya kulala ndani ao karavani nyuma ya jipu, andika avi yako asubuhi ileile mbele ya kutoka kambi, juu ukisha kulala kambi tatu bintu yote inachanganyikana.

Anza na kuran (umeme). Usiseme tu "kuran iko": prizi za Zambia ni za matundu tatu ya pembe sawa Uingereza, zetu ni za mviringo, basi sema kama bako na adapta ya kuazima, kama prizi iko karibu ao inaomba kamba murefu, na kuran ikikatika kama bako na jenereta. Mayi nayo, fungua robine ya dushi jioni wakati batu bote banaoga, ile presha ya saa sita inadanganya sana. Fasi ya kumwanga mayi machafu na choo ya karavani, bengi banasahau kuiandika, na njo kitu mutu anatafuta ya kwanza!

Kuingia: matawi iko chini namna gani, karavani inaweza kugeuka, udongo unakuwa je mvua ikinyesha. Kule banaendesha kushoto, njo karavani ya kutoka Ubelgiji mulango yake inafungukia upande wa barabara, waambie batoto baangalie wakati ya kushuka.

Picha, piga ya dushi na choo, ile ya jua la jioni acha, tunalijua.

Beyi andika kwa kwacha na tarehe, useme kama banalipisha kwa mutu ao kwa motoka.