Namna ya Kutengua Laana ya Ukoo kwa Kisomo na kwa Kauli

Laana ya ukoo hufungwa kwa maneno, na anayetaka kuitengua sharti ayapate maneno hayo kama yalivyotamkwa, kabla hajanunua ubani wala kubisha hodi kwa mganga. Hapa Mombasa familia nyingi hujua tu kwamba bibi aliapiza, wakakimbilia kafara, ilhali hawajui alimwapiza nani wala mpaka lini. Waendee wazee wa kuumeni na wa kukeni mmoja mmoja, kwani wakikusanywa pamoja huoneana haya na kukubaliana upesi, kisha andika kauli ya kila mmoja bila kuirekebisha. Zikitofautiana, shika lile neno linalorudi katika vinywa vyote.

Mwenye uchungu anapoapiza mara nyingi huweka sharti analodhani haliwezekani, na hapo ndipo mlango ulipo. Chukua mfano wa ndugu waliogombea nyumba ya urithi Kibokoni, shangazi yao akasema: “Kizazi chenu hakitakula sinia moja kikapatana, mpaka bahari iwe njia.” Mwenye kusikia juujuu atakata tamaa. Mtu wa pwani, hata hivyo, anayajua maji ya bamvua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hujaa na kupwa kwa tofauti inayopita mita 3, na maji yakishapwa watu wa Nyali na Bamburi huingia kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Saa ile bahari imekuwa njia. Ukoo huo na uandae pilau, ushuke pwani siku ya bamvua, ule sinia moja juu ya mchanga ulioachwa na maji, kila tawi likiwa na mtu wake. Sharti litimizwe kwa hakika. Beseni la maji ya chumvi sebuleni halitoshi, kwa kuwa aliyeapiza alitaja bahari.

Kauli ya kutengua itumie maneno yale yale ya aliyeapiza, na isemwe na mkubwa wa upande ulioapizwa: “Shangazi, ulisema mpaka bahari iwe njia. Leo tumeikanyaga kwa miguu yetu na tumekula sinia moja. Neno lako halikuvunjwa, limetimia. Tuwie radhi, nasi tumekuwia radhi.” Usitie “labda” wala “ikiwezekana” ndani yake, na usimtukane marehemu, kwa maana unamwomba afungue alichofunga. Wala usijibu laana kwa laana. Nawasihi hasa wanaotaka kusoma halbadiri, yaani kisomo cha kumwapiza aliyekosa, waache, kwa sababu kisomo hicho humtafuta mkosaji, na mkosaji huenda akawa babu yako mwenyewe, au wewe uliyerithi alichochukua.

Baada ya kauli huja kombe. Maalim huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawardi, na kila mmoja akanywa kidogo. Zafarani na ubani hupatikana katika soko la Marikiti, lakini hakikisha ni zafarani ya kweli, kwani rangi ya unga haifai kunywewa. Toa na sadaka ya chakula siku hiyo hiyo.

Kama laana haikuachiwa sharti lolote, mtafute mtoto au mjukuu wa aliyeapiza, atamke radhi kwa niaba yake. Na kama chanzo ni mali iliyodhulumiwa, irudishwe kwanza, maana kisomo hakihalalishi dhuluma. Waislamu wenye mgogoro wa mirathi wanaweza kuupeleka Mahakama ya Kadhi.

Mganga akikutaka umtaje jirani au mzee fulani kuwa mchawi, ondoka kwake siku hiyo hiyo. Katika pwani hii wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake uchawi. Na mgonjwa aliyemo katika ukoo aendelee na dawa za hospitali wakati wote wa kisomo, bila kuruka hata dozi moja.