Kukuza mikroglia kutoka seli shina: hesabu koloni kabla ya yote

Mikroglia, seli za kinga za ubongo, hazitoki kwenye uboho wa mifupa. Huzaliwa kwenye kifuko cha kiini cha kiinitete (yolk sac), mimba ikiwa bado changa. Ndiyo maana maabara tunapitia kwanza seli tangulizi za damu kwa siku 12, halafu mikroglia kwa siku 28.

1. Kupanda koloni

Ng'oa seli za iPS (seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kuwa seli shina) kwa EDTA, kemikali inayolegeza seli zilizoshikana, ya milimola 0.5 kwa lita, zitoke vipande vya mikromita 100 hadi 200. Usitumie kimeng'enya kinachozitenganisha moja moja. Panda kwenye sahani ya visima 6 iliyopakwa Matrigel, jeli ya protini inayozisaidia seli kushika chini.

Kesho yake, kabla ya kuweka midia A (kimiminika cha kwanza cha kulishia seli), hesabu koloni, yaani vikundi vya seli vilivyoshika chini, kwa hadubini, kisima kwa kisima. Unataka 40 hadi 80. Zikizidi, zinagusana, zinarundikana na kubanduka kama utando, na seli tangulizi utakazovuna ni chache. Zikipungua sana, mavuno nayo ni haba. Usikadirie kwa kupima ujazo wa kimiminika, kwa sababu vipande huzama haraka kwenye mrija na kisima cha mwisho hupata vingi kuliko cha kwanza. Panda visima kwa viwango vitatu tofauti, kisha endelea na vile tu vilivyofikia idadi. Vingine tupa bila huruma. Midia ni ghali kuliko sahani.

2. Seli tangulizi

Siku ya 3 tangu kuweka midia A, hamia midia B, kimiminika cha pili. Siku ya 12 vuna zinazoelea tu, za mviringo na zinazong'aa. Pima CD43, protini ya juu ya seli inayotambulisha seli tangulizi za damu.

3. Mikroglia

Weka seli 200,000 kwa kisima, mililita 2 za midia isiyo na seramu ya damu, yenye protini tatu za kuziongoza seli: IL-34 nanogramu 100 kwa mililita, TGF-β1 50 na M-CSF 25. Seramu huzichokoza seli hizi. Ndani ya ubongo wenye afya haziioni. Ongeza mililita 1 kila baada ya siku mbili. Ukipunguza midia, usiimwage: izungushe kwenye sentrifuji kwa nguvu mara 300 ya mvutano wa dunia (300 g) dakika 5 urudishe seli, kwani nyingi hazijashika chini. Siku 3 za mwisho ongeza CD200 na CX3CL1, protini ambazo niuroni hutumia kuwasiliana na mikroglia, nanogramu 100 kwa mililita kila moja.

4. Kuthibitisha

Protini ya IBA1 peke yake haitoshi, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu kwingineko mwilini) wanayo pia. Tafuta P2RY12 na TMEM119, protini zinazotambulisha mikroglia.