Kabla ya Kununua FJR1300 Iliyotumika Uingereza: Mambo ya Kuzingatia

Mtu aliyejifunza pikipiki kwa ile ya cc 125 nyumbani, akaja Uingereza, akapata kazi na akiba kidogo, siku moja atakuwa anapitia matangazo ya pikipiki zilizotumika na ataiona Yamaha FJR1300. Injini ya cc 1,298, silinda 4, nguvu za farasi karibu 145. Masanduku mawili ya ubavuni, kioo cha kukinga upepo kinachopanda na kushuka kwa umeme, tangi la lita 25. Na bei yake iko chini kuliko alivyotegemea. Moyo utamdunda. Wangu ulidunda vilevile, na nusura nitume pesa ya kishika nafasi kabla sijaiona pikipiki yenyewe.

Nitakwambia kwanza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote. FJR ni mashine ngumu mno, na ugumu huo ndio unaompoteza mnunuzi. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2001, na zipo zilizopita maili 100,000 huku zikiendelea na safari. Pikipiki dhaifu humlazimisha mwenyewe kwenda kwa fundi. Hii haimlazimishi. Unaweza kuinyima sevisi miaka minne, nayo ikawaka asubuhi, ikatembea, ikapokea kasi kama kawaida. Kwa hiyo unapokwenda kuitazama usitafute kilichovunjika. Tafuta kilichosahauliwa, maana gharama yake ndiyo utakayorithi wewe.

Mfano wa wazi ni valvu. Kwenye injini hii nafasi za valvu hupimwa kila baada ya kilomita 40,000 hivi, yaani maili kama 25,000. Kazi hiyo inataka plastiki za ubavuni zivuliwe, tangi linyanyuliwe na mfuniko wa injini ufunguliwe. Ni saa nyingi za fundi, na hapa saa ya fundi ni ghali. Sasa ukiona tangazo la pikipiki safi yenye maili 23,000 au 24,000, jiulize kwa nini inauzwa sasa hivi. Huenda muuzaji amehamia kwenye gari, ndiyo. Huenda pia hataki kulipia kazi hiyo. Yenye maili 35,000 na risiti inayoonyesha valvu zilipimwa, kwangu mimi ni bora kuliko yenye maili 24,000 isiyo na karatasi hata moja. Na kama risiti haipo, hesabu kwamba kazi haikufanyika, hata muuzaji akiwa mzee mpole aliyekukaribisha chai.

Kutokana na hilo, pesa yako igawe kabla hujaanza kutafuta. Fungu moja la kununulia. Fungu la pili la matairi mawili, maji ya breki, oili zote, betri na pengine hizo valvu. Ukilipeleka fungu la pili kwenye bei ili upate iliyo mpya zaidi kwa mwaka mmoja au miwili, utaishia kuendesha kilo 290 za chuma juu ya matairi yaliyokufa ukisubiri mshahara.

Leseni inatakiwa itangulie kabla hata ya kutazama picha. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha hapa miezi 12 tangu uwe mkazi, na kwa daraja lililoandikwa humo tu. Baada ya hapo unaanza upya: leseni ya muda, mafunzo ya siku moja yanayoitwa CBT, mtihani wa nadharia, kisha mitihani miwili ya vitendo. Pikipiki ya nguvu hizi inataka daraja A kamili, ambalo mtu hulipata moja kwa moja akiwa na miaka 24 au zaidi. Baada ya hapo ulizia bima ukiwa na namba ya pikipiki mkononi. Mtaa unaolala, na kama una gereji au unaegesha barabarani, vinaweza kubadili bei ya bima kuliko umri wa pikipiki.

Karatasi sasa. Hapa ndipo Uingereza imemrahisishia mnunuzi, na inasikitisha kuona ndugu zetu wengi hawatumii nafasi hiyo. Kila pikipiki iliyofikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na kumbukumbu zake tangu 2005 ziko wazi bure kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya usajili, basi. Utaona maili zilizosomwa kila mwaka, ilishindwa wapi, na mkaguzi alionya nini hata pale alipoipitisha. Soma maonyo hayo polepole. Mwaka huu ameandika pedi za breki zimekaribia kwisha, mwaka unaofuata ameandika hivyohivyo, na katikati imetembea maili 300 tu: pikipiki hiyo ilikuwa imelala, na kulala kuna madhara yake. Maili zikipanda kila mwaka kwa mwendo unaofanana, hiyo ni dalili njema. Zikirudi nyuma, funga ukurasa.

Kadi ya hapa inaitwa V5C. Wengi huichukulia kama hati ya umiliki, na kadi yenyewe imeandikwa kwamba siyo. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa tu, yaani anayewajibika kwa chombo. Mwenye mali anaweza kuwa kampuni ya mkopo ambayo haijamaliziwa deni lake, na wakija kuichukua wewe ndiye utakayebaki na helmeti. Kwa hiyo lipia ukaguzi wa historia, ule unaoonyesha kama kuna deni, kama imewahi kuripotiwa kuibwa, na kama kampuni ya bima iliwahi kuifuta baada ya ajali, yaani kuamua kumlipa mwenyewe badala ya kuitengeneza. Tangu Oktoba 2017 zilizofutwa lakini zinatengenezeka huandikwa S kama muundo wenyewe, mfano fremu, uliumia, au N kama uharibifu uko kwingine. Yenye N mtu anaweza kuifikiria, kwa bei ya chini na picha za ajali. Yenye S mimi singempakiza mtu ninayempenda. Kisha nenda nyumbani kwa muuzaji, kwenye anwani ileile ya kwenye kadi, ulinganishe namba ya chasi iliyogongwa shingoni mwa pikipiki na ile iliyoandikwa. Akitaka mkutane kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, shukuru urudi zako.

Mpigie muuzaji simu usiku wa kuamkia siku ya kwenda kuitazama na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu kukolea. Pikipiki yangu kubwa ya kwanza, ya aina nyingine, niliikuta imeshachemka. Muuzaji alisema ameitoa kuiosha. Ilinguruma vizuri sana. Asubuhi ya pili, nyumbani kwangu, ikiwa baridi, cheni ya ndani ya injini iligonga kama mtu anatikisa kopo la misumari, na bili yake ilikula likizo yangu yote. Injini baridi husema mambo ambayo injini ya moto hunyamazia.

Ikiwa baridi, FJR nzima huwaka kwa mguso mmoja, mzunguko wa injini hukaa juu kidogo kwa muda kisha hushuka na kutulia. Mlio wa saa ya ukutani kutoka kwenye valvu ni wa kawaida. Mgongano mzito unaoendelea hata baada ya oili kupanda si wa kawaida. Pima betri kwa mita: injini ikiwa imechangamka kidogo usomaji uwe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi.

Miaka nayo ina mambo yake. Za 2006 zilibadilishwa sana, joto la injini likaelekezwa mbali na mapaja na ABS, breki zinazozuia gurudumu lisijifunge, ikawa ya kawaida. Ila za 2006 hadi 2009 ziliitwa kurekebishwa Marekani kwa sababu ya waya ndani ya swichi ya ufunguo, unaoweza kuachia na kuizima injini katikati ya mwendo. Kwa hiyo washa, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku ukiuchezesha ufunguo taratibu, uone kama taa za dashibodi zinakatika. Kizazi hicho pia kinajulikana kwa viungo vya waya za ethi vinavyoshika kutu na kuungua, matokeo yake umeme unakuwa wa wasiwasi, leo unakubali kesho unakataa. Muulize mwenyewe kama vilishughulikiwa. Mtu anayeijali FJR yake atajua unazungumzia nini, na anayekutumbulia macho naye amekujibu. Za 2013 zilipata mfumo wa kushikilia kasi na wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze, na za 2016 zikapata gia ya sita. Pesa ikiruhusu, anzia 2013. Mkono wa kulia hupumzika kwenye barabara kuu, na ukishazoea hutaki kurudi nyuma.

Haina cheni ya nje. Nguvu hufika nyuma kwa shafti, na huo ni utajiri kwa msafiri, maana hakuna kupaka grisi kwenye mvua. Lakini watu husikia kwamba shafti haihitaji kazi wakadhani haihitaji chochote. Kule mwisho kuna oili yake, lita 0.2 tu, kiasi cha kikombe cha chai, na nimeona iliyotoka nyeusi ikinuka kama haijaguswa miaka kumi. Iweke pikipiki juu ya stendi ya kati, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lisiwe na kukwamakwama, wala unyevu wa oili pembeni ya kitovu. Halafu linyanyue gurudumu hilo kwa mikono polepole. Likicheza kabla shokapu haijaanza kubeba, beringi za viungo vya chini zimekauka. Ziko mahali ambapo maji na chumvi ya barabarani hupiga kila siku ya baridi, na wachache huzivua kuzipaka grisi. Chumvi hiyo, inayomwagwa kuyeyusha barafu, ndiyo adui mkubwa wa pikipiki nchini humu. Piga magoti na tochi utazame boliti za chini, bomba la moshi, na nyuma ya rejeta. Juu kunang'arishwa kwa dakika 20, chini hakudanganyi.

Breki: maji yake hubadilishwa kila miaka miwili, na yakiwa na rangi ya kahawa basi yamesahauliwa. Taa ya ABS lazima iwake unapofungua ufunguo na izime ukishaanza kutembea. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, maana huenda mtu ameinyamazisha kwa makusudi. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, kikitoka na oili sili zimekwisha. Tairi la nyuma litakuwa limelika katikati na kuwa bapa, kwa sababu barabara kuu za hapa zimenyooka. Sheria inadai kina kisichopungua milimita 1, lakini kabla ya kina soma umri: tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa miaka saba wenye kina kizuri ni mpira mgumu, na kwenye lami yenye mvua utajua.

Ukipewa kuijaribu, hakikisha una bima inayokukinga kwenye pikipiki hiyo, si maneno ya muuzaji. Muuzaji wa mtaani kwa haki kabisa atataka pesa yote mkononi mwake kabla hujatoka nayo. Ukiwa barabarani, legeza mikono kidogo kwenye mwendo wa wastani uone kama inavuta upande mmoja. Sikiliza diski zikitetemeka unapofunga breki taratibu.

Mkikubaliana, muuzaji aarifu DVLA, wakala wa serikali wa leseni na usajili wa vyombo, kwenye tovuti mbele yako, wewe ubaki na kipande cha kijani cha kadi. Kodi ya barabara haihami na pikipiki, ilikoma kuhama Oktoba 2014, kwa hiyo ilipie mwenyewe kabla gurudumu halijagusa barabara. Nunua na kufuli nzito siku hiyohiyo. Wezi wa pikipiki mijini hapa huja na gari la mizigo na watu wanne, na kufuli ya usukani peke yake hawaihesabu.

Kisha jipe muda. Ikienda ni nyepesi, lakini ikisimama kilo 290 zinarudi zote, na wengi huiangusha wakiwa wanageuza kwenye maegesho, wala si kwenye kona za kasi. Polisi wana mafunzo yaitwayo BikeSafe, ambapo askari mzoefu hukufuata akakueleza alichokiona. Nenda, hata kama umeendesha miaka 15 Dar. Mimi Jumapili mbili za mwanzo nilizitumia kwenye uwanja wa maegesho ulio mtupu, Reading, saa moja asubuhi, nikizunguka mduara mdogo kwa gia ya kwanza, mguu kwenye breki ya nyuma na macho mbali na tairi. Jumapili ya tatu nilimpakiza mke wangu, tukaenda Oxford na kurudi kwa barabara ndogo, na njia nzima sikuuzungusha mkono wa mafuta hata nusu.