Mkataba wa mjengo: uandike kabla hujachimba msingi

Nyumba yangu ya kwanza, kule Ruai, niliijenga kwa makubaliano ya mdomo. Mwenye ploti akaongeza ngazi, kisha baraza. Siku ya malipo akaniuliza, "Kwani tulisema ngapi?" Tangu hapo siingii saiti bila karatasi.

Hatua ya 1: Wahusika. Andika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, nambari ya ploti na nambari yako ya usajili wa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya Kenya). Ikiwa mwenye ploti yuko Qatar, nduguye asitie sahihi bila idhini ya maandishi.

Hatua ya 2: Kazi. Ambatisha michoro iliyoidhinishwa na kaunti pamoja na BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi kwa vipimo na bei. Kama umechukua leba tu, yaani kazi ya mikono bila vifaa, useme hivyo, na utaje nani ananunua saruji, nani analeta maji, nani analinda nondo usiku. "Kumaliza nyumba" si maelezo. Rangi mikono miwili au mitatu?

Hatua ya 3: Malipo. Hapa usiwe na haraka. Funga kila malipo kwa kitu kinachoonekana kwa macho: msingi, slabu, ukuta hadi linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), paa, plasta. Weka siku za kulipa, tuseme 7, na uandike kwamba zikipita una haki ya kusimamisha kazi. Ukimaliza linta na bado unadai pesa za msingi, jua umeshakuwa benki yake. Zile pesa anazoshikilia mwenye ploti hadi kasoro zirekebishwe, asilimia 5 kwa mfano, ziwe na tarehe ya kutolewa. Bila tarehe, utazifuata hadi viatu viishe.

Hatua ya 4: Mabadiliko. Yasifanywe kabla ya maandishi; hata ujumbe wa WhatsApp unafaa, mradi utaje kazi, bei na siku zinazoongezeka. Mama mwenye nyumba akija Jumamosi kusema dirisha lisogezwe, mkaribishe chai, kisha mwombe atume ujumbe.

Hatua ya 5: Muda. Masika ya Machi hadi Mei hayamsubiri fundi. Siku za mvua na za kungoja malipo zisihesabiwe kwenye faini ya kuchelewa.

Hatua ya 6: Ugomvi. Jengo kubwa lenye msanifu, tumia mkataba wa JBC (Joint Building Council) wa 1999. Kwa deni lisilozidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inakusikiliza hata bila wakili.

Tieni sahihi kila ukurasa, nakala mbili, mbele ya shahidi. Yako ipeleke nyumbani. Mimi moja ilinyeshewa ndani ya stoo ya mabati.