Kukadiria umeme wa sola unaopotea betri ikishajaa

Betri ikijaa, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) hairuhusiwi kupeleka umeme kwenye gridi, inveta hubana paneli, yaani huzizuia zisitoe umeme wote zinaoweza. Jua lingetoa wati 2,300, ila programu ya simu inaonyesha 400, zile tu zinazotumika ndani. Zilizobaki haziandikwi popote.

Hakikisha kwanza si wingu. Paneli 6 za wati 550 zilizofungwa mfululizo, zikiwa na joto la mchana, hufanya kazi karibu na volti 220. Zikibanwa hupanda hadi 250 au zaidi. Wingu hushusha wati bila kupandisha volti kiasi hicho.

Kisha washa birika la wati 2,000 lililojaa maji, subiri dakika moja au mbili, usome wati za paneli, si za matumizi. Tazama na betri. Ikiwa haitoi chochote, paneli bado zina akiba: ongeza pasi. Betri ikianza kuchangia, umefika kikomo cha paneli. Kikomo kikiwa 2,300, ulikuwa unapoteza 1,900.

Kwa siku nzima, pakua rekodi za kila dakika 5 na utafute siku ya mfano: angavu, isiyozidi wiki mbili nyuma, ambayo betri haikujaa. Tuseme kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 siku hiyo ilitoa wastani wa kilowati 2.4, 2.2, 1.7 na 1.1 kila saa, jumla uniti 7.4. Leo saa hizo zimetoa 1.6. Zimepotea 5.8.

Hapo ndipo wengi huzidisha, kwa sababu leo huenda kulikuwa na mawingu. Linganisha saa 3 hadi saa 5 asubuhi, kabla ya kubanwa. Leo ikiwa imetoa asilimia 80 ya siku ya mfano, 7.4 inakuwa 5.9, na hasara 4.3. Asubuhi si shahidi kamili wa mchana, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Usianze kuhesabu betri inapofika asilimia 100 pekee: betri nyingi za lithiamu hupunguza chaji mapema, mara nyingi kuanzia 95.

Kabla ya kununua betri ya pili, angalia chaji ya alfajiri. Ikibaki asilimia 60, hiyo ya pili haitaokoa kitu. Hamishia pampu na pasi mchana.