Meza ya TV ya Sebuleni: Anza Kupima Sofa, Mbao Baadaye

Meza nyingi za TV zinaharibika kabla msumeno haujashikwa. Mtu anampelekea fundi picha ya kwenye simu, fundi anakata kwa mazoea, na meza inafika nyumbani ikiwa nzuri ya kutazama, ila TV iko juu mno, dekoda haina pa kupumulia na plagi haipiti kwenye tundu la nyuma. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye sofa. Kaa unavyokaa siku zote, mgongo umeegemea, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi usawa wa jicho lako. Kwa sofa za kawaida utapata kati ya sentimita 100 na 110. Katikati ya kioo cha TV panatakiwa paangukie hapo au chini yake kidogo. Ukitazama ukiwa umeinua kidevu, shingo itakuambia kabla mechi haijaisha.

Kioo cha inchi 55 kina upana wa sm 122 hivi na kimo cha sm 68. Ukihesabu na miguu yake, katikati yake panakuwa kama sm 42 juu ya meza. Meza ya sm 60 inapaleta kwenye sm 102, na hicho ndicho kimo tutakachotumia hapa. Kwa TV ya inchi 43 meza ipande hadi sm 70. Halafu pima umbali kati ya miguu ya TV yenyewe: nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyo karibu na ncha, wala hazisimami kwenye meza fupi hata kama kioo kinaonekana kutosha. Urefu wa sm 150 na upana wa sm 45 unaitosha ya inchi 55 na kubakiza nafasi pembeni.

Mninga ndiyo mbao tunayoipendekeza, na si kwa rangi yake tu. Ikishakauka haichezi sana. Hainyauki wala kupinda kama mbao nyingine. Kata na utupe ile sehemu nyeupe ya ukingoni hata kama inauma kuilipia. Bungua wanaipenda, na baadaye utaona unga laini sakafuni chini ya meza. Unga wa mninga wakati wa kupiga msasa unawasha pua na kubana kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Mtiki wa Longuza (Tanga) au Mtibwa (Morogoro) unafaa pia. Paini ya Sao Hill (Iringa) ni nafuu, lakini mara nyingi inauzwa ikiwa bado mbichi. Ipange ndani ya nyumba juu ya vijiti ili hewa ipite, na kila wiki pima uzito wa ubao mmoja uleule. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari.

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inakatika vizuri na haina vifundo, ila adui yake yuko nyumbani humo humo: maji ya kudeki. Meza ya MDF iliyokaa sakafuni inanyonya maji kwenye ukingo wa chini, inavimba, rangi inapasuka, na hairudi tena. Ndiyo sababu meza hii ina miguu, na kipande chake cha chini kabisa kiko sm 15 juu ya sakafu ili dekio lipite.

Nunua mbao 3 za inchi 1 kwa 8 za futi 12, kipande kimoja cha inchi 2 kwa 6 cha futi 4, plaiwudi ya mm 18 ya sm 143 kwa 40, gundi ya mbao nusu kilo, na kona za chuma 8. Dai risiti, utaihitaji ukisimamishwa njiani na mbao.

Ukataji ni huu. Kile kipande cha 2 kwa 6 kipasue fito tatu, uzirande zibaki sm 4.5 kwa 4.5, kisha kila ufito utoe miguu miwili ya sm 58. Utapata sita: minne ni miguu, miwili iweke kwa nguzo za katikati. Ubao mmoja wa futi 12 ukate nusu kwa nusu, kila nusu ipasue vipande viwili vya upana wa sm 7. Kila kimoja kati ya vinne hivyo kinatoa kiungo (kipande cha kulala kinachounganisha miguu, juu au chini) kirefu cha sm 140 na kifupi cha sm 37, na bado kunabaki nafasi ya njia ya msumeno. Mbao mbili zilizobaki, nazo zikikatwa nusu, zinatoa vipande vinne: vitatu ni vya uso wa meza, cha nne ni akiba.

Viungo vyote vinaingia mguuni kwa ulimi na tundu: ncha ya kiungo inapunguzwa iwe ulimi, nao unaingia kwenye tundu lililochimbwa mguuni. Ulimi uwe na unene wa mm 8 na urefu wa sm 2.5. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachimba tundu katikati ya mguu, na matundu mawili ya pande mbili yanakutana ndani. Mguu unabaki ganda tupu, na siku ya kuisukuma meza unapasuka. Sogeza matundu kuelekea uso wa nje wa mguu, kiungo kikae mm 3 tu ndani ya uso huo. Hapo ndimi hazigusani. Ulimi uingie kwa kusukuma na mkono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao. Ukihitaji kupiga kwa nguvu, mguu utachanika. Ukiingia wenyewe, gundi haitaushika.

Unganisha bila gundi kwanza. Pima kona kwa kona, mshazari mmoja na mwingine. Vikitofautiana zaidi ya mm 2, kiunzi kimekaa upande. Rekebisha kisha ndipo utie gundi na kubana usiku kucha. Plaiwudi inakalia viungo vya chini, pembe zake zikiwa zimekatwa kupisha miguu. Nguzo mbili za katikati, moja mbele na moja nyuma, zinasimama kati ya plaiwudi na kiungo cha juu, kwa hiyo pima nafasi hiyo ndipo uzikate.

Kwa uso wa meza, randa kingo za vipande vitatu hadi ukivisimamisha kimoja juu ya kingine dhidi ya mwanga usione mwanya. Klampu (vibanio) ziwekwe moja juu, moja chini, la sivyo uso unapinda kama bakuli. Gundi inayotoka usiifute kwa kitambaa chenye maji, maana inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na vanishi itaacha madoa. Subiri iwe kama jeli, uikwangue. Uso ukikauka, ukate sm 150 kwa 45 na uviringe pembe, hasa kama kuna mtoto anayejifunza kutembea.

Usiugundishe uso kwenye kiunzi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu unavyobadilika, na ikifungwa pande zote inajipasua. Kona za chuma za mbele zifunge kwa matundu ya duara. Za nyuma na za pembeni ziwe na matundu marefu yanayoelekea nyuma ili mbao isogee. Tumia skrubu za mm 16. Za inchi moja zitatokeza juu.

Nyuma acha wazi. Funga ubao mmoja tu wa sm 10 chini ya uso, wa kubebea ekstensheni na kilinda umeme. Ukitaka waya upite juu ya meza, toboa tundu la mm 65. Plagi ya pini tatu haipiti kwenye tundu dogo. Dekoda ipate sm 5 kila upande na sm 10 juu, na usiwekee mlango wa mbao mbele yake: rimoti haipenyi mbao. Subwoofa ikae sakafuni; ukiiweka ndani ya meza, kila kitu kitatetemeka.

Piga msasa namba 120, 180, kisha 240. Paka sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) mara mbili, msasa namba 320 katikati, halafu vanishi. Usipake siku ya mvua. Thina ikivukiza inaupoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake, na sila inageuka nyeupe kama maziwa. Ikitokea, subiri siku kavu upitishe thina kidogo kwa brashi. Mara nyingi weupe unaondoka.

Kabla ya kuweka TV, bandika mpira chini ya kila mguu, kisha funga mkanda kutoka nyuma ya TV hadi ukutani kwa skrubu na fisha (vijiti vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) za mm 8. Uvute kwa mkono. TV isiinamie mbele hata kidogo.